Huruma Bila Hesabu

Anayetaka kusomea uuguzi Marekani, katika vyuo vingi hupitia kwanza mtihani wa TEAS: maswali 170 ndani ya dakika 209, ya kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Wahamiaji wenzetu hulalamika, na ninawaelewa. Mtu amemuuguza bibi yake miaka mitatu, leo anakataliwa kwa sababu ya asilimia na sehemu? Jamani, moyo unapimwa wapi hapo?

Haupimwi, kweli. Ila nukta ikihama, miligramu 0.5 zinakuwa 5, dozi mara kumi, na machozi ya muuguzi hayamrudishi mgonjwa. Florence Nightingale tunamkumbuka kwa taa yake. Tunasahau kwamba mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia chama cha wanatakwimu cha London.

Kwa hiyo kukesha na desimali nako ni huruma, kwa mtu ambaye bado hujakutana naye. Lakini chuo nacho kina deni: aliyefaulu afundishwe pia kuketi kando ya kitanda na kusikiliza. Bila hivyo, tumechagua mahodari wa kuhesabu tu. Au wewe waonaje?