Aliyekudanganya kwa Faida Yako

Katika Foundation, riwaya ya Isaac Asimov iliyotoka kama kitabu mwaka 1951, mwanahisabati Hari Seldon anagundua kuwa dola inayotawala galaksi nzima itaanguka, na baada yake watu wataishi katika ujinga na vita kwa miaka 30,000. Dawa anayo. Akipata watu wa kuhamia Terminus, sayari ya pembezoni isiyo na madini ya maana, balaa hilo litapungua liwe la miaka 1,000. Basi anawachukua wasomi na familia zao, watu kama 100,000, akiwaambia wanakwenda kuandika ensaiklopidia ya elimu yote ya wanadamu. Hata amri ya serikali ya kuwafukuza aliichonga yeye mwenyewe kwa chinichini.

Wakahama, wakazeekea huko. Ulipotimia mwaka wa 50, Seldon akiwa amekufa zamani, taswira yake inatokea mbele ya viongozi wao na kutamka kwamba ensaiklopidia ilikuwa hadaa tangu siku ya kwanza. Walichotakiwa ni kufika tu, kisha wakose njia ya kurudi.

Wengi humsifu Seldon, na hesabu zake kweli zilikuwa sawa. Mwandishi amempa na udhuru mzito: watu wakiujua mpango, mwenendo wao utabadilika na mpango utavurugika. Lakini tazama anavyokiri. Anakiri kwa picha iliyorekodiwa, isiyosikia swali wala lawama. Aliyemaliza ujana wake akipanga kurasa za kitabu kisichohitajiwa na mtu hana wa kumuuliza, na pengine naye yuko kaburini.

Akina Seldon tunao majumbani. Shangazi anakwenda kijijini kumchukua binti wa kaka yake, eti akasome mjini. Binti akifika anakabidhiwa ufagio, na mtoto wa kubeba mgongoni. Ukimbana shangazi atakuambia kule angeozwa mapema, hapa angalau anakula akashiba. Inawezekana. Baba naye anamtuma kijana likizo kwa babu, kumbe uhamisho wa shule umeshakamilika. Wakiulizwa, wote wana jibu moja: “Nilijua ungekataa.”

Kauli hiyo ndiyo inayowatia hatiani. Walilijua jibu lako, wakaamua kulipita.

Sisemi kila jambo litangazwe. Mgonjwa anaweza kufichwa habari ya msiba mpaka apate nguvu, na mtoto mdogo haelezwi madeni ya nyumba. Huko ni kunyamaza kwa muda. Kumtungia mtu sababu ya uongo, akahama kwao kwa ajili yake na kuijengea maisha, ni jambo jingine kabisa, na wema wa nia haulifuti. Ndiyo maana wanaolifanya hupenda kuungama wakati hakuna tena cha kubadilisha: shule imeshampita, kiwanja kimeshauzwa, au wao wenyewe wako kitandani wanakata roho.

Wewe shangazi, kama binti huyo yuko jikoni kwako sasa hivi, mpeleke shule muhula huu kama ulivyoahidi. Ukishindwa, mpigie kaka yako simu umweleze ukweli, kisha umpe binti nauli arudi kwa wazazi wake.