Msimharakishe Aliyefiwa na Mwenzake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, kuna kifo kinachotanguliwa na maradhi, watu wakapata kuagana, wakasameheana, usia ukaachwa. Na kuna kifo cha ghafla: mume katoka asubuhi kwenda kazini, adhuhuri anasaliwa, alasiri kashazikwa. Kikombe alichonywea chai hakijaoshwa. Nataka leo tumzungumzie mke aliyefiwa hivyo, na mwanamume aliyefiwa na mkewe vivyo hivyo.

Ukikaa matangani utasikia mjane akiambiwa: "Nyamaza, usikufuru." Msemaji ana nia njema, lakini kachanganya huzuni na upungufu wa imani. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupinga kadari. Chozi halikukatazwa. Mtume (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na Abdulrahman bin Auf alipostaajabu, akamwambia kuwa hiyo ni rehema.

Mtazameni Umm Salama, Allah amridhie. Mumewe, Abu Salama, alijeruhiwa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria. Jeraha likafunga, kisha likafumuka, akafariki. Umm Salama alikuwa ameshafundishwa dua ya msiba: kumwomba Allah amlipe kwa msiba wake na ambadilishie kilicho bora. Akaiomba, huku akijiuliza ni Mwislamu gani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Ulimi unaomba, moyo bado unauliza, na dua ikapokelewa hivyo hivyo. Eda ilipokwisha, Mtume (S.A.W.) akamposa. Hata hapo Umm Salama hakukimbilia kuitika. Alitaja wivu wake, umri wake na watoto wake, na kila udhuru ukajibiwa kwa upole.

Sheria yenyewe imeupima uzito huu. Mwanamke hakuruhusiwa kuacha mapambo zaidi ya siku 3 kwa maiti yeyote, awe baba au ndugu, isipokuwa mume. Kwa mume ni miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Sisi siku ya tatu tunakunja mikeka, tunateremsha turubai, tukidhani msiba umekwisha. Kwake yeye ndiyo kwanza nyumba imekuwa kimya.

Mwanamume hakuwekewa eda, lakini asidhani kuwa kumkumbuka mkewe ni unyonge. Bibi Khadija alifariki yapata miaka 3 kabla ya Hijra. Miaka mingi baadaye, huko Madina, Mtume (S.A.W.) alipochinja mbuzi alikuwa akipeleka mapande ya nyama kwa marafiki wa Khadija. Sauti ya Hala, dada yake Khadija, akibisha hodi, ilimsisimua. Baada ya vita vya Badri, binti yake Zaynab alipotuma kidani cha mama yake kumkomboa mumewe aliyetekwa, Mtume alikiona akaingiwa na huruma kubwa. Wakati huo alikuwa ameshaoa tena. Basi kumpenda marehemu si kumdhulumu aliye hai.

Kinachomuumiza zaidi aliyefiwa ghafla ni maneno yaliyobaki: hatukuagana, jana tuligombana, sikumwomba radhi. Msikieni bwana mmoja aliyemjia Mtume (S.A.W.), akasema mama yake amekufa ghafla, na kwamba lau angewahi kusema angetoa sadaka. Je, atapata thawabu nikimtolea? Akajibiwa: ndiyo. Mlango haukufungwa. Mwombee maghufira, mlipie deni, mtolee sadaka, waunge jamaa zake.

Nasi majirani tuna wajibu wetu. Jafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Leo tumeigeuza: mjane ndiye anayehangaikia mchele wa kutulisha sisi. Na wapo mashemeji wanaochukua funguo za duka na kadi ya gari kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mcheni Allah. Madeni na usia hutangulia, kisha mke ana thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Hilo ni fungu alilolikata Mola, si hisani ya ukoo.

Mwezi wa pili na wa tatu, wake zetu waende wakakae naye, na sisi tuulize ada ya shule na kodi ya nyumba. Akitaka kumtaja mumewe, asikilizwe. Anayewahangaikia wajane na maskini, Mtume (S.A.W.) amemfananisha na mwenye kupigana jihadi katika njia ya Allah.

Ewe Mola, warehemu waliotutoka bila kuaga, wape subira waliobaki, wakutanishe katika Pepo yako, na utujaalie tuwe msaada kwao. Amin.