Ila Isiyoonekana

Mtu aketiye Liwatoni, kando ya mkondo wa Kilindini ziingiamo meli zenye magari ya mtumba kutoka Japani, akauza kwa simu boneti kuukuu ya nyuzi za kaboni, humwuzia mnunuzi picha kabla ya kitu. Na nyuzi hizo, si kama bati libonyealo likaonekana, huweza kuachana tabaka kwa tabaka ndani, na juu pakang'aa kama kioo. Mafakihi wa Kishafii, madhehebu ya mwambao wetu, kwa kauli yenye nguvu hawasahihishi uuzaji wa kitu kisichoonwa, na aliyeuziwa chenye ila ya kale humpa hiari ya kukirudisha. Je, muuzaji asiyeijua ila ana dhambi? Naona hana, lakini aliyeacha kuigonga boneti kwa sarafu asije akasikia mlio mzito wa tabaka zilizoachana, huyo amekusudia kutojua. Gonga kwanza, ndugu yangu, ndipo upige picha.