Bunduki Moja kwa Kazi Zote

Je, bunduki moja yaweza kutosha kazi zote? Swali hili mwindaji hulijibu kwa kumfikiri mnyama, na askari kwa kumfikiri adui. Mwenye insafu humfikiri na mchukuzi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani walishika bunduki ya mwaka 1871. Pigo lake lilikuwa kali, lakini baruti yake ilitoa moshi uliomfichua mpigaji. Baadaye waliteka bunduki za Waingereza na za Wareno. Kila aina ilidai risasi zake, na kila sanduku la risasi lilidai kichwa cha kulichukua.

Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao. Kariakoo, jirani ya Mnazi Mmoja, ilipata jina lake kwa kikosi chao. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, imeshika bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini.

Hapana bunduki iliyo bora kwa swala na kwa nyati pia. Achaguaye moja hana budi kukubali upungufu: kazi nyingine itamshinda, naye ataiacha. Kukubali huko si unyonge, ni kiasi. Atakaye silaha kwa kila hofu huukimbia upungufu wake mwenyewe, lakini uzito wake hautoweki. Huhamia shingoni mwa mtu ambaye hakuulizwa. Basi kabla ya kuuliza bunduki ipi itatosha, yafaa kuuliza nani ataichukulia risasi.