Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?

Msomaji, huenda umewahi kuulizwa faida ya kusoma kitabu cha mambo yasiyoweza kutokea. Swali hilo halistahili kudharauliwa. Wakati ni mali, na aliyeupoteza hana soko la kuununua tena. Basi na tulipime kwa kitabu kimoja.

Mwaka 2000, Diana Wynne Jones, mwandishi wa Uingereza aliyepata kusoma Oxford, alitoa riwaya iitwayo Year of the Griffin. Humo mna chuo kikuu cha uchawi. Elda, mmoja wa wanafunzi, ana kichwa na mabawa ya tai juu ya kiwiliwili cha simba. Mwalimu wake, Corkoran, hana hamu ya kufundisha. Moyo wake wote uko katika safari ya kwenda mwezini. Chuo kinapoishiwa fedha, barua za kuomba msaada hupelekwa kwa jamaa za wanafunzi, nazo huleta balaa, maana baadhi yao walikuja chuoni kwa siri. Utacheka sana.

Lakini tazama chini ya kicheko. Chuo kile kimeipunguza elimu mpaka imebaki ile ya kumpitisha mtu upesi. Elda na wenzake, kwa kuwa kiu yao haikatiki darasani, huingia maktaba, husoma vitabu vya kale, na huuliza maswali yanayomtaabisha mwalimu wao.

Je, huo ni uongo? Mwongo hutaka kusadikiwa, naye huficha hila yake. Msimulizi hafichi kitu: yeye husema “Paukwa!” nawe kwa hiari yako hujibu “Pakawa!” Hakuombi usadiki kwamba simba ana mabawa. Akuomba uamue kama ni haki mwalimu kuwasahau wanafunzi kwa ajili ya mwezi, na kama yafaa mwanafunzi kuridhika na kidogo anachopewa.

Labda utasema kwamba habari za kweli zatosha kutufunza hayo. Lakini katika habari za kweli mara nyingi tunamwogopa mmoja na kumpendelea mwingine. Katika nchi ya kubuni hatuna jamaa wala adui. Hapo twaweza kuhukumu bila ya hofu. Matukio ni ya kubuni, bali hukumu ni yako, nayo ni ya kweli.

Basi ukifunga kitabu hicho, jiulize: kama mtihani usingekuwapo, ni elimu gani ungeendelea kuitafuta?