Chaguo la Nne ni la Nani?

Kila mwaka, matokeo ya KCSE yakishatoka na zile shangwe za kubebwa mabegani zikatulia, huja msimu mwingine usio na kamera: msimu wa kuorodhesha kozi. Panda matatu ya kutoka Eldoret mjini kuelekea Kaptagat, na kabla hamjafika Naiberi utasikia mjadala viti vya nyuma. Mtoto wa fulani amepata A-, sasa aweke udaktari Moi, ama ajaribu Nairobi? Na wakimkataa je? Anayejibu kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi hajawahi kuiona tovuti ya KUCCPS, lakini anaielezea kana kwamba aliijenga yeye.

Ushauri wa kawaida ni kwamba orodha iwe na mizani. Juu weka ndoto, katikati weka unachoweza kukipata, chini kabisa weka kile ambacho ni vigumu kikukatae. Ni ushauri mzuri, na wengi huupuuza. Alama za klasta huhesabiwa kutoka kwa masomo manne, jumla ikiwa 48, na kwa udaktari katika vyuo vya umma mtu wa mwisho kuingia kwa kawaida huwa juu ya 40. Watu huisoma alama ya mwaka uliopita kama bei iliyobandikwa dukani. Hiyo ni alama ya mtu wa mwisho aliyepata nafasi, basi. Mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu, inapanda, na wewe uliyepishana nayo kwa nusu alama unabaki nje. Kwa hivyo anayejaza udaktari kutoka juu hadi chini, Moi, Nairobi, Kenyatta, Maseno, Egerton, anadhani ametawanya mayai yake. Kapu ni lile lile. Wanaong'ang'ania nafasi hizo ni watu wale wale.

Hadi hapo ni hesabu tu. Kinachonisumbua ni hizo nafasi za chini za orodha, na kile tunachosema kuhusu watu tunapozijaza.

Tuanze na jambo jepesi: je, kupanga orodha kwa ujanja ni uongo? Ukiweka juu kozi unayoipenda kidogo kwa sababu unajua utaipata, umedanganya? Mwaka wa 1962 wanahisabati wawili Wamarekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuhusu namna ya kuwagawia wanafunzi vyuo bila mtu kujutia. Baadaye ikathibitishwa kwamba katika utaratibu wao, mwanafunzi akiruhusiwa kuorodhesha vyote anavyovitaka, hapotezi chochote kwa kusema ukweli wake. Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2012, pamoja na Alvin Roth aliyeipeleka fikra hiyo kwenye maisha halisi. Ila kuna sharti moja hapo: orodha iwe ndefu ya kutosha. Ikiwa fupi, ukweli mtupu unaanza kukugharimu, kwa sababu kila mstari unaoutumia kwa ndoto ni mstari uliokosa kuutumia kwa chakula. Kwangu mimi, mtoto anayepanga orodha fupi kwa akili hajamdanganya mtu. Orodha ni ombi, haijawa kiapo.

Lakini ombi lina mtu wa upande wa pili. Chaguo lako la nne, ile uuguzi uliyoandika huku ukikunja uso, ni chaguo la kwanza la mtu mwingine. Kuna msichana mahali, pengine Chepkorio, pengine Kaptarakwa, ambaye tangu darasa la sita anataka kuwa muuguzi na si kitu kingine. Klasta yake iko chini yako kwa alama mbili. Udaktari ukikukataa, mfumo unakushusha hadi kwenye uuguzi, na yeye anasukumwa nje.

Wengine watasema mfumo ni mfumo, mwenye alama zaidi apite. Sikubaliani moja kwa moja, ila pia sidhani umemwibia. Inategemea unachofanya ukishaingia. Ukiipokea ile nafasi na kuifanyia kazi, hata kama ulilia wiki mbili za kwanza, ni yako kihalali. Lakini kuna wale wanaoingia wakiwa na mpango wa kuondoka: wanakaa mwaka mmoja wakisubiri uhamisho, hawasomi kwa moyo, kisha wanaenda. Kiti kile katika mwaka wa pili hakiwezi kurudishwa Chepkorio. Hapo naona deni, na hesabu ya klasta haiwezi kulilipa.

Kisha kuna dharau, ambayo haichukui nafasi ya mtu ila inaumiza watu wengi zaidi. Tunasema mtu "ameangukia" uuguzi. "Ameishia" tabibu. Diploma ya utabibu pale KMTC huchukua miaka mitatu, na C inatosha kuomba, kwa hivyo mwenye A- akiiona kwenye orodha yake anahisi ametukanwa. Sasa nenda zahanati yoyote ya mashambani siku ya Jumatatu asubuhi uangalie nani yuko kazini. Ni muuguzi na, ukibahatika, tabibu. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa kutoka upande wa msitu humwita "daktari", naye huitika kwa sababu foleni ni ndefu.

Shule ya udaktari ya Moi, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1990, tangu mwanzo iliweka katika masomo yake utaratibu wa kuwatuma wanafunzi kwenye vituo vya afya vya vijijini wakae na jamii. Naona hekima hapo. Mtu atakayevaa koti jeupe kwenye hospitali kubwa ya rufaa mjini aone kwanza kwamba wagonjwa wengi huanzia kwa mtu ambaye ukoo wake ulimhurumia kwa "kukosa" udaktari.

Najua kila makala inayotaja Kaptagat lazima imtaje Kipchoge, nivumilie kidogo. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi. Miongoni mwao walikuwa Bernard Lagat na Matthew Centrowitz, watu wenye medali zao za Olimpiki. Sijasikia mtu hapa akiwaita wakimbiaji walioshindwa kuwa Kipchoge. Kwenye riadha tunaelewa kazi ya kila mtu. Tukifika hospitalini tunasahau.

Upande wa pili kuna yule ambaye alama zake zinamruhusu kuwa daktari, ila yeye hataki. Huyu ana shida kubwa kuliko wote, kwa sababu hakuna anayemwonea huruma. Udaktari ni miaka sita, kisha mmoja wa mafunzo ya kazini. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya sababu kuu ilikuwa hao wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 zilizokuwa kwenye makubaliano ya 2017. Mjomba aliyeahidi kuuza ng'ombe halijui hilo, ama analijua na haamini. Anachokiona ni jina la ukoo likiwa na "Dkt." mbele.

Na hapa kuna jambo dogo la kiufundi ambalo naona ni la kimaadili kabisa. Kuingia kwenye akaunti ya KUCCPS unahitaji nambari ya mtihani, mwaka uliofanya KCSE, na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Vyote hivyo viko kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la mama. Kwa hivyo kaka mkubwa anaweza kuketi kwenye saiba mjini na kubadilisha kozi ulizochagua, kwa nia njema tupu, nawe usijue hadi majina yatoke.

Mzazi ana haki ya kusema atalipa nini na hawezi kulipa nini. Pesa ni zake, na karo ya udaktari haichezi. Anaweza hata kusema amevunjika moyo. Lakini kubonyeza kitufe kwa jina la mtoto wa miaka 18 ni kumsemea mtu mzima mbele ya serikali. Nawe pia, unayenyamaza mezani ukiwaacha wachange harambee ya udaktari huku orodha yako ikisema usanifu majengo, unachukua pesa za watu kwa ahadi ambayo hukuitoa lakini ukaiacha isimame. Waambie wakati dirisha la kurekebisha bado liko wazi. Watakasirika, pengine hadi Pasaka. Mjomba anaweza kubaki na ng'ombe wake, na itabidi mkae chini upya mhesabu mkopo utafika wapi.