Orodha Isiyofika Mbwera

Msimu wa tuzo ukifika, mabishano huanza siku ile orodha ya wanaowania inapotangazwa. Nani katajwa, nani kaachwa, kwa nini fulani kaingia vipengele vitatu na mwenzake hana hata kimoja. Wapenzi wa jukwaa huwatetea waigizaji ambao hawajawahi hata kusalimiana nao, tena kwa moto ambao wengine huutunza kwa ajili ya ndugu zao. Sioni ubaya wowote. Mtu anayekasirika kwa sababu mwigizaji fulani hakutajwa ni mtu aliyelipa kiingilio, akakaa mpaka mwisho, akarudi kwake na jambo ambalo bado halijamtoka moyoni. Sanaa yenye watu kama hao ina bahati.

Ninachokiona ni kwamba tunaanza kubishana tukiwa tumechelewa. Tunauliza majaji walipigaje kura, nani alikuwa rafiki ya nani, kama wadhamini walitia mkono. Ni maswali ya haki na yaendelee kuulizwa. Lakini kabla ya kura kuna jambo lililokwisha kuamuliwa kimya kimya, nalo ni wapi majaji walikwenda na wapi hawakwenda. Mchezo ambao hakuna jaji aliyeutazama haukushindwa na mtu. Haukushindanishwa, na mara nyingi walioucheza hawatajua tofauti.

Kwa sanaa nyingine tatizo hili ni dogo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipopata washindi wake wa kwanza Aprili 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Tuzo iliyoanza 2014 kwa jina la Ebrahim Hussein, mwandishi mkubwa wa tamthilia katika lugha yetu, inatuza mashairi. Bodi ya Filamu ilianza tuzo za filamu 2021, na tuzo za muziki zilizozaliwa 1999 zikasimama baada ya 2015, zikarudi 2022. Katika hizo zote jaji anaweza kubaki kwake. Muswada hutumwa, filamu hurudishwa nyuma, wimbo husikilizwa hata mara kumi usiku mmoja. Mchezo wa jukwaani hautumwi kwa mtu. Ukirekodiwa, kamera imekwisha kuchagua kwa niaba yako uso wa kuutazama, na pumzi ya watu waliokaa pale, ambayo ni nusu ya mchezo wenyewe, haimo. Jioni ikishapita imepita. Jaji ambaye hakuwepo hana namna ya kulipa deni hilo baadaye.

Nikiyawaza haya mawazo yangu huenda Rufiji, na sababu yake ni nzito. Tamthilia inayojulikana pengine kuliko zote za Kiswahili ilitoka katika ardhi ile. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Miaka sitini na kitu baadaye watafiti wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Gilbert Gwassa akiwa mmoja wao, waliingia vijiji vya kusini wakaketi na wazee waliokuwa bado wanavikumbuka vita vile. Daraja la Mkapa halikuwepo. Lilifunguliwa 2003, na kabla yake Mto Rufiji ulivukwa Ndundu kwa kivuko, mto ukikubali. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani ya kusini, akatoa Kinjeketile. Ni mchezo wa mtu anayetamka neno kwa niaba ya watu, kisha akalitazama likiondoka mikononi mwake na kuwa lao, mpaka hana tena uwezo wa kulirudisha.

Miaka hiyo hiyo, 1968 na 1969, Operesheni Rufiji ilikuwa ikiwatoa watu bondeni, kwenye mashamba ya mpunga na madungu waliyolindia ndege na nguruwe, ikiwapeleka kwenye vijiji vya juu. Hadithi ya Rufiji ilikuwa inapanda jukwaani Dar es Salaam wakati wenye hadithi wanabeba mikeka na vyungu vyao. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimeusoma mchezo ule, na wapo vijana wengi wa Kibiti walioukuta kwanza kwenye mtaala, kama kitu cha mbali, ingawa Mohoro ni safari ya muda mfupi tu kutoka kwao.

Wale watafiti hunipa moyo kwa jambo moja. Walitaka maneno ya wazee, wakajua kwamba maneno hayo hayawezi kuja yenyewe mjini, wakayafuata. Historia ilikubali kuvuka mto. Tuzo za sanaa nazo zinaweza.

Kibiti mjini pekee hapampi jaji udhuru. Pako juu ya lami ya Barabara ya Kilwa, kama kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam; mtu anaondoka asubuhi na jioni amekwisha kukaa kwenye kiti. Delta ndiyo habari nyingine. Kabla ya kuingia baharini mkabala na Mafia, mto hugawanyika matawi mengi, na kati yake umesimama msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote wa Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni, Maparoni ni kata ambazo barabara yao ni maji. Ukitoka Dar es Salaam unakata kushoto Bungu, unashuka mpaka Nyamisati, unaulizia boti, na kuanzia hapo saa yako haina kazi. Maji yakipwa, mikondo midogo hubaki tope na mizizi. Wakati wa bamvua boti hupita mahali ambapo siku za maji mafu hapapitiki. Mgeni aliyekuja na ratiba ya saa mbili hana budi kulala.

Na huko watu wanaigiza. Mahafali ya darasa la saba hayaishi bila igizo na ngonjera, ile sanaa ya kujibizana kwa ushairi ambayo Mathias Mnyampala aliieneza miaka ya 1960. Iko kwenye uwanja wa mchanga mbele ya wazazi, imara kuliko ilivyo kwenye rafu za maktaba. Kuna ngoma za harusi na za unyago zenye wahusika wake, mizaha yake na mafumbo yake. Nyingine zina mlango ambao mgeni hapiti, na hapo jaji atulie nje kwa heshima. Kuna maulidi. Kuna vikundi vinavyojifua kwa miezi ili vikubaliwe kucheza siku ya Mwenge wa Uhuru, ambapo nafasi ni chache na kikundi kilicho kando ya lami huonekana upesi kuliko kile kinachohitaji boti. Mwenge unapopita wilayani watu wa visiwani huwa na mabishano yaleyale ya mashabiki wa mjini: mbona wale, mbona si sisi. Hawana neno la kipengele wala la kuwania. Wanajua vizuri tu wanachouliza.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, na anayetunza huko hana kiti cha jaji. Mama anainuka, anakaza kanga yake, anakwenda mpaka katikati, anabandika noti kwenye paji la uso la mchezaji katika hatua ileile iliyomgusa, wala hangoji mwisho. Hukumu na tendo viko mahali pamoja, dakika moja. Ana upendeleo? Wakati mwingine anao, anayecheza ni mwanawe na kila mtu anajua ni mwanawe, kwa hiyo noti ile wenzake wanaipima kwa kadiri yake. Upendeleo uliofanywa mbele ya macho ya wote haudhuru sana. Ninaouogopa ni ule ambao hata mwenye nao hajui kuwa anao, wa mtu anayeamini kuwa ameona sanaa ya nchi nzima kwa sababu ameona yote iliyofika karibu na nyumbani kwake.

Watu wa Pwani wanaujua uamuzi mwingine pia, wa mashindano ya kusoma Kurani. Jaji wa tajwidi hukaa akisikiliza herufi kwa herufi tangu mwanzo wa aya mpaka msomaji anyamaze. Hakuna mzazi Mbwera, kule delta, wala Kibiti ambaye angekubali hukumu ya jaji aliyefika katikati.

Ukienda Mwanza utakuta njia ya Wasukuma. Kila mwaka kwenye sherehe za Bulabo, Bujora, Wagika na Wagalu hucheza wakikabiliana, pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo sababu wanaleta nyoka hai, majembe yanayorushwa hewani, na dawa za kuvutia macho. Mtu anaweza kusema hiyo ni kuhukumu kwa wingi tu, na wingi hudanganyika. Kweli hudanganyika. Hata hivyo kila kura pale ni mwili uliotembea. Mtu aliyekuwa upande huu ameiacha nafasi yake akaenda upande wa pili akiwa ameziona ngoma zote mbili. Kura ya simu, ambayo tumezoea kuiita sauti ya wananchi, imechukua wingi ule ikaacha miguu nyuma. Inampa nguvu mtu ambaye hajaona chochote, na inamnyima mtu wa kisiwani aliyeona vyote lakini mtandao unamtupa. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya majaji wa kufungiwa chumbani na kura ya simu, ningechagua Bujora.

Watu wa Athens ya kale waliliogopa jambo hili kiasi cha kulikabidhi kwa kura ya bahati. Katika mashindano ya tamthilia ya Dionysia, majaji kumi walipatikana kwa kuchotwa majina kwenye vyungu vilivyofungwa, mmoja kutoka kila kabila kati ya makabila kumi ya mji. New York nako, wajumbe wanaopendekeza majina ya Tony, tuzo zilizoanza 1947, wanatakiwa kuwa wameona kila mchezo unaostahili. Sharti zuri kabisa. Ila linatekelezeka kwa sababu mchezo unaostahili ni ule tu ulioonyeshwa katika mojawapo ya majumba 41 ya Broadway, karibu yote yakiwa mwendo wa miguu kutoka Times Square. Haki yao ni kamili ndani ya mduara, na mduara wenyewe ni mdogo. Tukiiga sharti bila kuangalia mduara, tutapata majaji waadilifu wa Posta na Masaki, hapo hapo Dar es Salaam.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kenya. Tamasha la maigizo la shule na vyuo limekuwapo tangu 1959, linapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa, na mji mwenyeji hubadilika. Majaji husimama mbele ya walimu na wanafunzi wakaeleza walichokiona: hapa sauti ilipotea, hapa mandhari yalizidi hadithi. Napenda desturi hiyo kuliko kombe lolote, maana jaji anayeeleza ameshika mkononi ushahidi kwamba alikuwepo.

Tamasha hilohilo limetuonyesha pia jinsi uteuzi unavyoweza kugeuzwa mlango wa kufunga. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Aprili 2025 shule ileile ilifika Nakuru na Echoes of War, tena baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kucheza. Mwandishi wao alikuwa amekamatwa, wanahabari na watu wengine wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na ukumbini hapakuwa na watazamaji. Wale wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Hawakukubali kuigizia viti. Umri wao ni wa sekondari, na walilielewa jambo ambalo kamati nyingi za watu wazima hazijalielewa: kuhukumiwa bila kutazamwa na watu ni kunyimwa mchezo wenyewe.

Kwa hiyo siku tutakapokuwa na tuzo za jukwaa zenye hadhi ya taifa, nitataka kuona orodha mbili. Moja ni ya wanaowania, na juu ya hiyo tutabishana kama ilivyo ada. Nyingine ni ya michezo yote ambayo majaji waliitazama, mahali ilipochezwa na tarehe. Orodha hii ya pili ikiwekwa hadharani, mtu wa Mbwera atajua mara moja kama walimwona wakampa mwingine, au hawakumwona kabisa. La kwanza ataliumia kisha atajifua zaidi. La pili si la kwake kuliumia. Ni la waandaaji kulijibu.

Tarehe za kwenda delta zipangwe kwa mwezi na bamvua, na wenyeji ndio waulizwe. Jaji alale hukohuko, ale walichopika, aone mazoezi ya jioni na mchezo wa kesho yake, aseme maoni yake mbele yao kabla ya kupanda boti. Wazee wa kijiji wakimjibu kwamba hakuelewa, asikilize. Hayo yote yanahitaji fedha, na fedha za tuzo najua huanza kutengewa ukumbi, mavazi na matangazo ya televisheni. Nauli ya Nyamisati iandikwe kwenye bajeti kabla ukumbi haujalipiwa, na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, sherehe ifanyike mchana, uwanjani.